Barakoa ya uso, barakoa ya koo au tyubu? Kumchagulia kifaa mtoto mchanga asiyepumua

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, takriban 10 huhitaji msaada wa namna fulani ili waanze kupumua. Wengi wa hao hulia wakishakaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wanaobaki, kama watano hivi, huhitaji kupuliziwa hewa mapafuni, na wanaofika hatua ya kukandamizwa kifua au kupewa dawa hawafiki mmoja. Namba hizo zinaonyesha kwa nini mazungumzo yetu kuhusu vifaa huanzia mahali pasipostahili. Tunabishana sana kuhusu tyubu, yaani bomba linaloingizwa kwenye trakea (njia kuu ya hewa), ambayo wachache wataihitaji, na tunaipita haraka barakoa, ambayo karibu kila mtoto asiyepumua ataanza nayo.

Ulinganisho huu ni kwa wanaosimama kwenye meza ya kuhuishia: mkunga, muuguzi, tabibu, daktari wa zamu. Ni pia kwa anayepanga vifaa vya leba. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji ajue ninakoelekea. Kifaa bora ni kile kinachoweza kuingiza hewa mapafuni ndani ya dakika ya kwanza kikiwa mikononi mwa mtu aliyepo zamu saa hiyo. Kwa vyumba vingi vya kujifungulia, maana yake ni kuanza na ambubegi (begi la mkono la kusukuma hewa) na barakoa ya uso, kuwa na barakoa ya koo (bomba lenye kikombe kinachokaa nyuma ya ulimi) kama ngazi ya pili, na kuwaachia tyubu wale wanaoiweka mara kwa mara.

Kuhusu hiyo dakika ya kwanza, utafiti uliofanyika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Tanzania, na kuchapishwa 2012, ulipima muda halisi kwenye meza. Hadi kufikia dakika ya sita, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupuliza ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu. Kifaa chochote kinachotuchelewesha kwa sekunde 30, hata kiwe cha kisasa namna gani, lazima kitoe faida inayozidi hasara hiyo.

Maswali mawili yanayochanganywa

Mtu akiuliza "tutumie nini kumpulizia mtoto," anauliza mambo mawili kwa mara moja. La kwanza ni kipi kinachosukuma hewa: begi linalojijaza lenyewe, begi linalojazwa na gesi, au kifaa cha T. La pili ni kipi kinachopitisha hewa hiyo hadi kwenye mapafu: barakoa ya uso, barakoa ya koo, au tyubu ya trakea. Kimoja cha kundi la kwanza huunganishwa na kimoja cha kundi la pili, karibu kwa namna yoyote unayotaka. Ambubegi hiyo hiyo inaweza kupuliza kupitia barakoa sasa hivi, na kupitia tyubu baada ya dakika mbili.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakisema "ambu imeshindwa, tuweke tyubu," kumbe begi halikuwa na kasoro yoyote. Barakoa ndiyo iliyokuwa inavuja. Ukitenganisha maswali haya, hata kutafuta tatizo kunakuwa rahisi.

Barakoa ya uso: kifaa cha kwanza, na kigumu kuliko kinavyoonekana

Barakoa ya uso haiingizwi ndani ya mwili, haihitaji laringoskopu (kifaa chenye taa cha kutazamia koo), na kila mhudumu wa leba anaweza kufundishwa kuitumia. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2012 kuhusu uhuishaji wa msingi inaitegemea hiyo, na mpango wa mafunzo wa Helping Babies Breathe, ulioanzishwa 2010 chini ya American Academy of Pediatrics (chama cha madaktari wa watoto cha Marekani), umejengwa juu yake. Mpango huo ulipopelekwa katika hospitali 8 za Tanzania, ripoti iliyochapishwa 2013 ilionyesha vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikishuka kwa asilimia 47. Hapo hapakuwa na tyubu wala mashine. Palikuwa na kukausha, kusugua, begi, barakoa na watu waliofundishwa.

Lakini barakoa inadai mkono uliozoea. Itazame kwa karibu. Mtoto amelala chali, kichwa kimeinuliwa nyuma kidogo tu, kama anayenusa kitu. Shingo ikipinda mbele au ikikunjwa nyuma kupita kiasi, njia ya hewa inabanwa. Ukingo wa barakoa unaanzia kwenye ncha ya kidevu, kisha unalazwa kuelekea juu hadi daraja la pua. Kidevu, mdomo na pua viwe ndani. Macho yawe nje. Kidole gumba na cha shahada vinaizunguka barakoa kwa juu, na vidole vilivyobaki vinaliinua taya kulileta kwenye barakoa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaikandamiza barakoa chini, usoni, na taya linarudi nyuma, ulimi unaziba koo. Mkono unatakiwa uvute taya juu.

Uvujaji hutokea hata kwa wazoefu, na mara nyingi mpulizaji hajui. Begi linabanwa, sauti ya hewa inasikika, kila mmoja anaamini kazi inafanyika, na kifua cha mtoto kimetulia tuli. Ndiyo maana napenda msaidizi apewe jukumu moja la wazi: kutazama kifua na kusema kwa sauti, "Dada, hakipandi." Anayepuliza, macho yake yakiwa kwenye barakoa, hawezi kuona kila kitu.

Kifua kisipopanda, mpangilio wa kurekebisha unajulikana na unafaa kukaririwa. Weka barakoa upya na kichwa upya, puliza mara kadhaa ukitazama. Bado? Safisha mdomo kisha pua, fungua mdomo kidogo huku taya likisukumwa mbele, puliza tena. Bado? Ongeza presha kidogo kidogo, ukomo ukiwa sentimita 40 za maji (kipimo cha presha) kwa mtoto aliyetimiza miezi na 30 kwa njiti. Kuna hatua moja inayosahaulika: kama mko wawili, mmoja ashike barakoa na taya kwa mikono yote miwili, mwingine abane begi. Uvujaji mwingi unaishia hapo, kabla hata hujafikiria kifaa kingine.

Saizi pia haibahatishwi. Barakoa ya mviringo namba 1 ni ya mtoto aliyetimiza miezi, namba 0 ni ya njiti. Chumba chenye saizi moja tu kimeshaamua kwamba baadhi ya watoto watavujiwa.

Udhaifu wake mwingine ni tumbo. Hewa inayopulizwa usoni huingia pia kwenye umio (njia ya chakula), tumbo linajaa, linasukuma juu kiwambo, msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na mapafu yanakosa nafasi. Ukipuliza kwa dakika kadhaa, pitisha mrija mwembamba mdomoni hadi tumboni kuitoa hewa hiyo.

Begi au kifaa cha T?

Begi linalojijaza lenyewe, ambalo wengi wetu tunaliita ambu bila kujali limetengenezwa na nani, lilibuniwa Denmark katikati ya miaka ya 1950. Fadhila yake kubwa haijabadilika: halihitaji gesi wala umeme. Silinda ikiisha, umeme ukikatika, linaendelea kufanya kazi kwa hewa ya chumbani, na kwa mtoto aliyetimiza miezi hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, ndiyo inayopendekezwa kuanzia. Kwa hiyo begi hili linapaswa kuwepo katika kila chumba anamozaliwa mtoto, hata mle mwenye mashine za thamani kubwa.

Hatari yake ni mkono wenye nguvu. Begi la kichanga hubeba hewa nyingi sana kulinganisha na mahitaji. La mililita 240 hivi ni la kawaida. Mtoto wa kilo 3 anahitaji mililita 12 hadi 18 kwa pumzi moja. Yaani ukibana begi hadi pande zake zigusane, unasukuma mara nyingi zaidi ya kile ambacho mapafu yanahitaji. Vali ya usalama, inayofunguka kati ya sentimita 30 na 40 za maji, inasaidia, mradi haijakwama. Ipime kabla ya kila uzazi: ziba mdomo wa begi kwa kiganja, bana, uhisi presha kiganjani na usikie vali ikifunguka. Ukibana na husikii wala huhisi kitu, begi hilo limetoboka au limefungwa vibaya baada ya kuoshwa. Mdundo ni pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, kila moja iwe ya kutosha kuinua kifua kwa upole.

Kifaa cha T, kinachoitwa hivyo kwa sababu ya kiungo chake chenye umbo la herufi hiyo, kinafanya mambo mawili ambayo begi halifanyi vizuri. Unapanga presha ya kupuliza, kwa mfano 20 hadi 25, na inabaki hiyo hiyo pumzi baada ya pumzi. Uchovu wa mkono hauibadilishi. Pia kinaacha presha kidogo mapafuni mtoto anapotoa pumzi, kama sentimita 5 za maji, ili vifuko vya hewa visijifunge. Kwa njiti, ambaye mapafu yake hujifunga kila anapotoa hewa, jambo hilo lina uzito mkubwa. Na njiti anayepumua mwenyewe kwa shida anaweza kushikiliwa kwa presha hiyo peke yake bila kupulizwa, kazi ambayo begi linalojijaza haliwezi. Vali ya kubakiza presha hiyo, yaani vali ya presha, inaweza kufungwa kwenye begi, lakini hufanya kazi wakati unapobana tu, na barakoa ikivuja inapotea.

Utafiti uliochapishwa 2014, uliohusisha watoto 1,027 katika vituo 11 vya nchi 5, ulilinganisha viwili hivi. Kipimo kikuu, yaani mapigo ya moyo kufika 100 ndani ya dakika 2, hakikutofautiana kwa kiwango cha kuhitimisha: asilimia 94 kwa kifaa cha T na 90 kwa begi. Lakini waliolazimika kuwekewa tyubu pale pale walikuwa asilimia 17 upande wa kifaa cha T na 26 upande wa begi. Marekebisho ya miongozo ya Marekani ya 2023 yanakipa kifaa cha T kipaumbele, hasa kwa njiti, mahali ambapo gesi ya kukiendesha ipo.

Masharti hayo ya mwisho ndiyo yanayoamua. Kifaa cha T bila gesi ya kuaminika ni pambo la ukutani. Pia kina mtego wake: sindano ya kipimo itafika 25 hata kama njia ya hewa imeziba kabisa, kwa sababu inasoma presha, haisomi hewa iliyoingia mapafuni. Anayetazama sindano badala ya kifua anaweza kumpoteza mtoto huku kipimo kikionyesha kila kitu ni shwari.

Begi linalojazwa na gesi silipendekezi kwa anayeanza. Linahitaji gesi na mkono wa miaka, ingawa lina uzuri mmoja: barakoa ikivuja, linasinyaa papo hapo na huwezi kujidanganya.

Barakoa ya koo: ngazi tuliyokuwa tunairuka

Daktari wa usingizi Mwingereza, Archie Brain, alianza kuifanyia kazi barakoa hii London mwaka 1981, akitafuta njia ya kuunganisha bomba moja kwa moja na mlango wa njia ya hewa bila kupita katikati ya nyuzi za sauti. Ni bomba fupi lenye kikombe laini mwishoni. Kikombe kinakaa nyuma ya ulimi, kinauzunguka mlango wa njia ya hewa, na ncha yake inaziba mwanzo wa umio. Za aina ya zamani hujazwa upepo kwenye ukingo, na kwa saizi ya kichanga ukomo ni mililita 4. Za aina mpya kama i-gel zina kikombe cha mpira laini kisichojazwa kitu.

Fikiria sababu za barakoa ya uso kushindwa: inavuja mashavuni, au ulimi umeanguka nyuma, au mkono umechoka. Barakoa ya koo inaziondoa zote tatu kwa sababu imeshavuka midomo, mashavu na ulimi. Na tofauti na tyubu, huhitaji kuona nyuzi za sauti. Unasimama kichwani kwa mtoto, unalishika bomba kama kalamu, uwazi wa kikombe ukielekea ulimini. Unafungua mdomo, unalaza mgongo wa kikombe kwenye kaakaa gumu na kuuteleza kufuata mkunjo wa koo hadi uhisi umegota. Usilazimishe. Unganisha begi, puliza, tazama kifua. Aliyefundishwa humaliza haya kwa sekunde chache. Mtoto akianza kupumua utaweza hata kumsikia akiguna au kulia kupitia bomba, na akianza kukohoa na kulisukuma, muda wa kulitoa umefika.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Kampala. Hospitali ya Mulago ilifanya kwanza jaribio dogo la watoto wapatao 50, matokeo yakatoka 2018: wote waliopewa i-gel walifanikiwa kupulizwa nayo, wakati katika 25 wa barakoa ya uso, 11 ilibidi wahamishiwe kwenye i-gel. Kupumua wenyewe kulianza mapema zaidi, wastani wa sekunde 153 dhidi ya 216. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari wa usingizi, walikuwa wakunga. Kwangu hilo lina uzito kuliko sekunde zenyewe.

Kisha likaja jaribio kubwa, pale pale Mulago, lililochapishwa 2020 katika New England Journal of Medicine, la watoto zaidi ya 1,100. Swali lilikuwa zito zaidi: je, barakoa ya koo inapunguza vifo ndani ya siku 7, au kulazwa kwa madhara ya wastani hadi makubwa ya ubongo kutokana na kukosa oksijeni? Jibu halikuwa ndiyo. Waliofikwa na mojawapo ya hayo walikuwa asilimia 27.4 upande wa barakoa ya koo na 24.4 upande wa barakoa ya uso, tofauti isiyotosha kusema kimoja kinashinda kingine.

Wengi waliposoma matokeo hayo walikata tamaa na kifaa. Mimi nayasoma hivi. Watoto wengi wanaozaliwa bila pumzi wameshaumia wakiwa bado tumboni, na hakuna kifaa cha mezani kinachorudisha saa zilizopotea wakati wa uchungu. Aidha jaribio lilifanywa na watu waliofundishwa vizuri kutumia barakoa ya uso. Tafiti kadhaa zenye watoto zaidi ya 1,800 zilipojumlishwa kwa ajili ya kamati ya kimataifa ya uhuishaji, ILCOR, ilionekana kwamba barakoa ya koo hushindwa mara chache zaidi kuliko ya uso na hupunguza haja ya tyubu. Kwa msingi huo ILCOR mwaka 2022 ilisema, kwa pendekezo dhaifu, kwamba panapokuwa na vifaa na mafunzo barakoa ya koo inaweza kutumika badala ya ya uso kwa watoto wa wiki 34 na zaidi. Miongozo ya Marekani ya 2023 inasema vivyo hivyo.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuiweka ya uso kando. Ninachoona ni kosa kubwa ni mhudumu asiyeweza kuweka tyubu kubaki na barakoa ya uso inayoshindwa, dakika baada ya dakika, akisubiri mtu wa kuja. Hapo ndipo kifaa hiki kinapookoa.

Mipaka yake iko wazi. Saizi 1 ni ya watoto wa kilo 2 hadi 5 hivi. Njiti wadogo hawana chao cha uhakika. Presha ikihitajika kubwa sana, inavuja. Haipitishi mrija wa kunyonya uchafu ulioziba trakea, na dawa hazipitishwi humo. Kukandamiza kifua huku ukipuliza kupitia barakoa ya koo kunaruhusiwa tyubu isipowezekana, ila ushahidi wake ni mdogo.

Tyubu ya trakea: imara ikiingia, ghali ikikosa

Tyubu ikishakaa mahali pake, hakuna kinachoishinda. Hewa haipotei tumboni kama kwenye barakoa ya uso, presha kubwa inawezekana, kifua kinaweza kukandamizwa kwa uhuru, na mtoto anaweza kusafirishwa. Tatizo ni ile safari ya kufika hapo.

Uchunguzi wa video uliofanywa Melbourne na kuchapishwa 2006 ulionyesha kwamba majaribio mengi ya kuweka tyubu chumba cha kujifungulia hushindwa, na hata yanayofaulu mara nyingi huvuka sekunde 30, ambazo ndizo ukomo unaofundishwa. Walio mafunzoni walifanya vibaya kuliko wote. Na hiyo ni hospitali kubwa yenye mabingwa. Muhimu ni kukumbuka kwamba wakati laringoskopu imo mdomoni, mtoto hapulizwi kabisa. Majaribio matatu yaliyoshindwa ni dakika moja na nusu au mbili bila hewa, kwa mtoto aliyekuwa tayari hana hewa.

Teknolojia imesaidia. Jaribio la Dublin lililochapishwa 2024, la vichanga 214, lilionyesha laringoskopu ya video ikifaulisha jaribio la kwanza kwa asilimia 74, dhidi ya 45 kwa ya kawaida. Anayepanga bajeti ya hospitali ya rufaa ayatazame matokeo hayo kwa makini. Hata hivyo, jaribio moja kati ya manne lilishindwa hata kwa video, kwa hiyo barakoa ya koo ibaki mkononi.

Kwa mwenye ujuzi, vipimo vichache vya kuwa kichwani: tyubu ya 2.5 kwa mtoto wa chini ya kilo 1, 3.0 kwa kilo 1 hadi 2, 3.5 kwa zaidi ya kilo 2. Kina kwenye mdomo, kwa makadirio, ni uzito kwa kilo ukijumlisha 6, kwa sentimita; mtoto wa kilo 3 tyubu yake ifike 9. Ikizidi, inaingia pafu la kulia peke yake na la kushoto linabaki bila hewa. Kuthibitisha kwamba haikuingia kwenye umio, tumia kitambuzi cha kabonidayoksaidi kinachogeuka kutoka zambarau hadi njano. Moyo ukiwa haupigi au ukipiga kwa udhaifu mno, kitambuzi kinaweza kubaki zambarau ingawa tyubu iko sahihi, kwa sababu damu haipeleki hewa hiyo mapafuni. Mapigo yakipanda, hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote.

Vile vijipito vya hewa vya mdomoni vilivyopinda, vyenye jina la Guedel, si mbadala wa haya yote. Vina nafasi yake kwa mtoto mwenye pua zilizoziba tangu kuzaliwa au taya dogo sana, basi.

Mtoto yupi, kifaa kipi

Mtoto wa wiki 39, kilo 3, amelegea na hapumui baada ya kukaushwa. Ambubegi, barakoa namba 1, hewa ya kawaida, dakika ya kwanza. Kifua kikipanda na mapigo yakipanda, huhitaji kingine. Kifua kikigoma baada ya marekebisho yote na mikono miwili, barakoa ya koo kama si mtaalamu wa tyubu. Kama ni mtaalamu, achague kati ya hizo mbili kile atakachokiweka kwa jaribio moja. Mapigo yakibaki chini ya 60 baada ya sekunde 30 za hewa inayoingia kweli kweli, anza kukandamiza kifua kwa uwiano wa 3 kwa 1 (mikandamizo mitatu kwa pumzi moja), na hapo tyubu inapendelewa mwenye kuiweka akiwepo.

Kwamba maji ya uzazi yalikuwa na kinyesi cha mtoto hakubadilishi mwanzo huo. Tangu 2015 miongozo haiagizi tena kumwekea tyubu kila mtoto aliyelegea wa namna hii ili kumnyonya trakea. Kuchelewesha pumzi kwa ajili ya kunyonya kumeonekana hakumsaidii. Tyubu ya kunyonyea inabaki kwa yule ambaye njia yake ya hewa imeziba na hakuna kinachoingia.

Njiti wa wiki 28 ana hesabu tofauti kabisa: barakoa namba 0, kifaa cha T kama gesi ipo, presha ndogo, na kama anajitahidi kupumua, presha ya kushikilia peke yake. Pasipo na kifaa cha T, begi lenye vali ya presha, na vidole viwili tu vya kubana. Barakoa ya koo si yake. Na kwa njiti, barakoa ya uso yenyewe ikigusa uso inaweza kumfanya aache kupumua kwa muda, kwa hiyo iwekwe kwa mkono mwepesi na kifua kitazamwe baada ya kuiweka.

Mtoto ambaye vipimo vya ujauzito vilionyesha tundu kwenye kiwambo, matumbo yakiwa yamepanda kifuani, ndiye pekee katika orodha hii ambaye barakoa ya uso tunaikwepa: hewa itakayoingia matumboni italibana pafu. Huyo anahitaji tyubu mapema na mrija tumboni, kwa hiyo anahitaji kuzaliwa palipo na mtu wa kuiweka. Mwenye taya dogo sana, kinyume chake, mara nyingi hushindikana kwa tyubu na kwa barakoa ya uso pia, na barakoa ya koo inaweza kuwa ndiyo njia pekee inayopita.

Kwa anayeagiza vifaa

Fedha zikiwa haba, ningezipanga hivi: mabegi mawili yanayojijaza kwa kila meza, moja likiwa kwenye kuoshwa jingine liwe tayari, na barakoa za saizi zote mbili. Kisha barakoa za koo saizi 1, tena za kutosha, kwa sababu nyingi ni za kutumika mara moja, na ikiwa imebaki moja kabatini watu wataionea huruma na kuichelewesha. Kisha vali za presha kwa mabegi. Kifaa cha T kifuate pale ambapo gesi haikatiki, na vifaa vya tyubu pale ambapo kuna mtu wa kuviendesha usiku na mchana. Laringoskopu bila mtu huyo inawapa wahudumu matumaini ya uongo.

Na fungu la mafunzo lisifikiriwe kama semina ya siku moja. Haydom walilipima hili pia: kozi ya siku moja iliboresha utendaji kwenye mdoli, ripoti ya 2013 ikasema, lakini haikubadilisha kilichofanyika kwa watoto halisi. Walipobadili na kuweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale wodini, vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kwa hiyo katika agizo hilo hilo la vifaa, mdoli mmoja na begi moja la mazoezi viingie, na barakoa moja ya koo ifunguliwe kwa ajili ya kuiweka na kuitoa kwenye mdoli huyo kila zamu inapoanza. Mdoli akae leba, mezani, ndani ya mkono wa mtu. Akifungiwa kwenye ofisi ya msimamizi hatamfundisha yeyote.